Birika la Lita Moja na Bia ya Mtama
(Mhadhara uliotolewa Lubumbashi)

Mama zangu, baba zangu, nanyi vijana mliokuja na madaftari, karibuni. Birika mnaloliona hapa mezani ni la umeme, la lita moja, wati 1,500, aina inayopatikana duka lolote la vyombo mjini. Watu wanaotaka kupika bia nyumbani huniuliza kama wanaweza kuipikia humu. Hapana. Birika hili tutalitumia kupimia joto, na joto ndilo jambo zima nililokuja kulieleza leo.

Bia inataka ichemke kwa saa nzima, na birika lina kidude kinachohisi mvuke na kukata umeme mara tu maji yanapochemka. Ukililazimisha kuchemsha maji ya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, sukari itaungua kwenye sahani ya chini, povu litapanda hadi kwenye mfuniko na kumwagikia waya. Basi humu yaingie maji matupu tu.

Tuanze na munkoyo, kinywaji chetu cha uji wa mahindi na mizizi, maana sidhani kuna mtu ukumbini asiyeujua. Mama anapika uji mzito wa mahindi, anauepua kwenye mbabula, lile jiko la makaa, anaungoja. Uji ukiwa bado unatokota hatii mizizi. Anagusa ubavu wa sufuria kwa kiganja, anangoja tena, anagusa tena, na siku zote anajua ni lini. Ndipo anatia mizizi iliyopondwa. Muda mfupi baadaye mwiko uliokuwa mzito mkononi unateleza, uji umelegea na kuwa majimaji, na ukionja una utamu ambao unga haukuwa nao. Sukari hajatia hata kijiko.

Wanga wa mahindi ni mnyororo mrefu wa sukari zilizoshikana. Ndani ya mizizi ile kuna vimeng'enya vinavyoukata mnyororo huo vipande vipande. Mbegu inayoota ina vimeng'enya vya namna hiyohiyo, kwa kuwa mche mchanga nao unahitaji kula wanga uliohifadhiwa kwenye punje. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walifanikiwa kukitoa kitu hicho kwenye kimea cha shayiri. Bia yote duniani inasimama juu yake, iwe Simba na Tembo zinazotengenezwa hapa kwetu au bia ya mtama ya kijijini. Sasa, vimeng'enya vinapenda joto ila moto mkali unaviua. Mama aliyekuwa akingoja uji upoe alikuwa akivilinda. Kiganja chake ni kipimajoto, na ninasema hivyo kwa heshima kamili.

Kwenye kimea kuna vimeng'enya vikuu viwili. Kimoja hufanya kazi nzuri kati ya nyuzi 60 na 65, na ndicho kinachotoa sukari nyingi inayoliwa na hamira. Ukikifikisha nyuzi 70 kinakufa upesi. Cha pili kinavumilia zaidi, hata nyuzi 70 na kitu. Mtu mwenye kimea cha shayiri hana shida kubwa: wanga wa shayiri hulainika nyuzi 60 hadi 65, kwa hiyo anaweka unga na maji kwenye nyuzi 65, anafunika, anasubiri saa moja. Sisi tuna mtama, na wanga wa mtama ni mkaidi. Hulainika vizuri ukipita nyuzi 70. Ukikaa kwenye 65, vimeng'enya viko hai lakini wanga haujafunguka. Ukipanda hadi 75, wanga umefunguka lakini kimeng'enya cha kwanza kimeshakufa. Nimeonja bia nyingi za mtama za watu wenye bidii, nzito kama uji na zenye kilevi kidogo mno, na karibu zote zilikwama hapo.

Dawa yake ni kutenganisha. Hapa ndipo birika linapoingia.

Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka yakifika nyuzi 96, hayafiki 100. Birika likijizima, unajua una lita moja ya nyuzi 96. Maji ya bidoni, yaani dumu, yaliyolala ndani ya nyumba yana kama nyuzi 24. Wakati wa baridi, Juni na Julai, yana chini ya hapo, basi yapime. Lita moja iliyochemka ukiichanganya na lita mbili za bidoni unapata lita tatu za nyuzi 48. Tia humo kilo moja ya unga wa kimea, koroga usibaki na madonge, nayo inatulia kwenye nyuzi 45. Fanyeni hesabu hiyo wenyewe nyumbani, kila mtu na birika lake. Somo la joto na wapika bia ni majirani wa zamani: James Prescott Joule, ambaye jina lake ndilo kipimo cha nishati, alizaliwa mwaka 1818 huko Salford, Uingereza, katika familia yenye kiwanda cha bia.

Kwenye nyuzi 45 acheni nusu saa. Unga unazama, juu panabaki maji yenye rangi ya maziwa yaliyopungua nguvu. Msiyamwage! Vimeng'enya vimo humo. Teka lita moja polepole kwa kikombe, weka kando kwenye chombo safi, funika. Machicha yaliyobaki yapeleke kwenye mbabula, ongeza nusu lita ya maji ya moto ya birika, yapike dakika 20 hadi 30 kama uji, ukikoroga mpaka chini yasigande. Moto huu unaua vimeng'enya vilivyobaki kwenye uji, na haidhuru, kwa sababu vingine vimekaa salama pembeni. Epua. Kipimajoto kikionyesha 75, rudisha ile lita uliyoteka. Mchanganyiko utashuka hadi 65 au 66. Funga sufuria kwa blanketi mbili na uiache saa moja na nusu.

Utajuaje kama wanga umekwisha? Nunua iodini ya famasi. Tone moja la maji ya sufuria kwenye sahani nyeupe, tone moja la iodini juu yake. Likigeuka bluu iliyokoza kuelekea nyeusi, wanga bado upo, funika tena. Likibaki na rangi yake ya kahawia, kazi imekwisha. Tutalijaribu hapa mbele baadaye, na kwa uji wa munkoyo pia, kabla na baada ya mizizi.

Kimea chenyewe mnaweza kukiotesha. Loweka mtama siku nzima ukibadilisha maji, utandaze kwenye gunia lenye unyevu siku nne au tano ukiugeuza, kisha uanike juani. Ukikauka, sugua mpaka machipukizi na vimizizi vyote vitoke, pepeta, tupa. Hili nalisisitiza kuliko yote niliyosema: machipukizi ya mtama yana kitu kinachoweza kutoa sianidi, ambayo ni sumu. Msiwape hata kuku.

Yaliyobaki ni mepesi zaidi. Chuja kwa kitambaa safi, suuza machicha kwa lita mbili hivi za maji ya moto, chemsha majimaji yote saa nzima. Hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, hailimwi huku. Mwenye kuipata aitumie, asiyepata ajaribu majani machache ya kongo bololo kwa uchungu, ingawa hayalindi bia isiharibike kama hopsi inavyofanya. Poza haraka kwa kuiweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Kuanzia hapo kila kitakachogusa bia kiwe kimeoshwa kwa javeli, dawa ya klorini ya kusafishia, na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa. Hamira ya mkate inafaa. Mimina majimaji kwenye bidoni, utie hamira yakiwa chini ya nyuzi 25, yaani ukishika bidoni huhisi uvuguvugu wowote. Baridi ya Juni ni rafiki yetu hapa, maana hamira ikifanya kazi polepole kwenye nyuzi 18 hadi 20 bia inatoka na ladha safi.

Mama mmoja pale nyuma ameuliza: umeme ukikatika katikati? Swali zuri sana, na ndilo lililonifanya nichague birika dogo. Lita moja inachemka kwa dakika tatu na nusu hivi. Ukipata umeme dakika kumi asubuhi, jaza temosi mbili, na una maji ya moto ya kuchanganyia kimea na ya kuongeza kwenye uji. Blanketi hazina waya. Kwenye mbabula bado tunahitaji makala, yaani makaa, na kila mkaaji wa mji huu anajua miti inavyozidi kwenda mbali. Kwa hiyo umeme ukiwepo, maji ya kusuuzia yachemsheni kwenye birika, makala yabaki kwa uji na kwa ile saa ya mwisho.

Kijana wa mbele anauliza kuhusu lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Lutuku inakenekwa, na kukeneka kuna hatari zake nyingine kabisa. Sitaifundisha.

La mwisho, chupa. Msifunge bia ambayo haijamaliza kuchacha, kioo kitapasuka na kinaweza kumtoa mtu jicho. Ngoja mapovu yakome na utamu uishe mdomoni, halafu ongeza siku tatu. Kwa chupa kubwa ya sentilita 72 weka gramu nne za sukari, zisizidi tano. Na kutoka kila bidoni jaza bia kwenye chupa moja ya plastiki ya soda, kwa kipimo hichohicho cha sukari. Iminye kila asubuhi. Siku ambayo haibonyei tena chini ya kidole gumba, zile za kioo nazo zimepata gesi. Zipelekeni mahali penye baridi, na wiki moja baadaye fungueni ya kwanza.