Tukishazima Taa, Asubuhi Yake Kimebadilika Nini?

(Mhadhara kwa klabu ya mazingira ya chuo na wananchi waalikwa, Dar es Salaam. Umeandikwa kama ulivyotolewa.)

Ndugu mwenyekiti, mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazee mlioketi mbele, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: habari za jioni. Itifaki imeshazingatiwa, naomba nisiirudie.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, “Mwalimu, njoo utuhamasishe kuhusu kuzima taa.” Nikamwambia mimi ni mtu wa umeme. Kuhamasisha sijui, hesabu najua kidogo. Akasema njoo hivyo hivyo. Kwa hiyo asiyependa hesabu akamlaumu yeye. (Kicheko.)

Tuanze na kampeni maarufu kuliko zote, Saa ya Dunia. Ilianzia Sydney, Australia, tarehe 31 Machi 2007. Shirika la uhifadhi la WWF liliwaomba wakazi wa jiji wazime taa kwa saa moja, kuanzia saa 1:30 usiku. Waandaaji walisema watu milioni 2.2 walishiriki, na kampuni ya umeme ya kule ikatangaza kwamba matumizi katikati ya jiji yalishuka kwa asilimia 10.2. Mwaka uliofuata ikavuka mipaka. Siku hizi hufanyika kila mwaka, mara nyingi Jumamosi ya mwisho ya Machi, saa 2:30 usiku kwa saa za kila nchi. Machi ina sababu yake: karibu na tarehe 20 mchana na usiku hulingana, hivyo giza huingia karibu muda uleule kaskazini na kusini mwa dunia. Picha zinatoka nzuri kila mahali. Nasema picha kwa makusudi.

Sasa toeni simu, fungueni kikokotoo.

Watafiti wawili, Olexsak na Meier, walikusanya vipimo 274 vya Saa ya Dunia kutoka nchi 10, katika kipindi cha miaka 6. Kwa wastani, matumizi ya umeme yalishuka kwa asilimia 4. Kuna mahali Kanada yalishuka kwa asilimia 28. Na kuna mahali New Zealand yalipanda kwa asilimia 2. (Kicheko.) Ndiyo, yalipanda.

Tuwe wakarimu. Tuseme dunia nzima, kuanzia Shanghai hadi Sumbawanga, imepata hiyo asilimia 4. Dunia hutumia takriban uniti trilioni 30 za umeme kwa mwaka (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja). Mwaka una saa 8,760. Gawanyeni: saa moja ni kama uniti bilioni 3.4. Asilimia 4 ya hizo ni uniti milioni 136. Kila uniti, ukichukua wastani wa dunia, imetoa kama gramu 480 za hewa ukaa mahali fulani kwenye mtambo. Zidisheni. Binti wa kilemba cha bluu, umepata ngapi? Tani elfu sitini na tano na ushee. Sawasawa kabisa.

Upande wa pili: makaa ya mawe, mafuta na gesi tunavyochoma vinatoa zaidi ya tani bilioni 37 za hewa ukaa kwa mwaka. Gawanyeni kwa dakika 525,600. Mnapata zaidi ya tani 70,000 kila dakika. Maana yake, saa nzima ya giza, dunia nzima, haifuti hata dakika moja ya moshi wetu. Na hapo nimewapa watu wote bilioni nane ushiriki ambao hawajawahi kuufikia.

Ishusheni hesabu hiyo hadi sebuleni. Balbu tano za LED za wati 9 ni wati 45. Ukizizima saa moja umeokoa uniti 0.045. Kiyoyozi cha chumba kinachovuta wati 1,000 kinazimaliza hizo kabla dakika tatu hazijatimia. Sasa kuna watu nawajua, jamaa zangu kabisa, huzima taa, wakawasha mishumaa, wakapiga picha, na kiyoyozi kinanguruma juu ya vichwa vyao. Na mshumaa wenyewe wa dukani ni nta itokanayo na petroli. Marehemu David MacKay, mwanafizikia wa Cambridge aliyekuja kuwa mshauri mkuu wa sayansi katika wizara ya nishati na tabianchi ya Uingereza, alipiga hesabu ya namna hii kuhusu chaja ya simu. Ukiichomoa ukutani siku nzima, nishati uliyookoa gari huimaliza kwa sekunde moja ya mwendo. Wengi walimnunia, hesabu ikabaki pale pale.

Mnaweza kudhani nasema watu hawasikii wakiombwa. Wanasikia sana. Tarehe 5 Aprili 2020, wakati wa korona, Waziri Mkuu wa India aliwaomba wananchi wazime taa kwa dakika tisa, saa 3 usiku, kuonyesha mshikamano. Mahitaji ya umeme yakaporomoka kwa zaidi ya megawati 31,000. Nasi hapa tulishangilia bwawa letu la Rufiji lenye megawati 2,115! Wahandisi wa gridi walikuwa wamejipanga tangu mapema, wakapunguza mitambo ya maji haraka haraka, kisha wakaipandisha tena taa zilipowashwa. Dakika tisa zikaisha, maisha yakaendelea. Utii ulikuwepo wa kutosha, ila haukuwa umetumwa mahali.

Mzee wangu pale mbele ananitazama kwa jicho la pembeni. Najua anachotaka kusema, na ana haki: “Mwalimu, shabaha si uniti, shabaha ni kuwaamsha watu.” WWF wenyewe husema hivyo. Basi tuwapime kwa kipimo chao. Mtu akishaamka, anafanya nini?

Hapa pana jambo ambalo linanitia wasiwasi kuliko hesabu zote. Karibu na Boston, Marekani, watafiti waliwapelekea wakazi wa nyumba za kupanga taarifa ya kila wiki ya maji waliyotumia. Maji yakapungua kwa asilimia 6. Kampeni imefaulu, si ndiyo? Walipoangalia mita za umeme za watu walewale, umeme ulikuwa umepanda kwa asilimia 5.6 ukilinganisha na wenzao ambao hawakuletewa taarifa. Mtu ametenda wema kidogo bafuni, akaona anastahili kujipongeza sebuleni. Sisemi kila kampeni huleta hivyo. Nasema kuamka peke yake si dhamana.

Na wapo wanaopenda sana tuishie kwenye kuamka. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya mafuta ya BP ilieneza kwa nguvu wazo la kila mtu kupima hewa ukaa yake binafsi, na ikaweka kikokotoo chake mtandaoni. Muuza mafuta anakuuliza wewe umewasha balbu ngapi!

Ila haki itendeke. Zipo kampeni za Saa ya Dunia zilizoacha kitu. Argentina, mwaka 2013, waliifunga kampeni yao kwenye dai moja tu, kwamba Bunge lipitishe sheria ya kulinda eneo la bahari la Banco Namuncurá. Sheria ikapita mwaka huohuo. Jirani zetu Uganda, mwaka huohuo, waliitumia kampeni kuanzisha msitu kwenye hekta 2,700 zilizokuwa zimeharibiwa. Taa zilizimwa huko pia, lakini taa zilikuwa tarumbeta, na nyuma ya tarumbeta kulikuwa na karatasi ya kusainiwa.

Sasa niwapeleke Ghana, maana hapa ndipo nilipotaka kufika tangu niliposimama.

Mwaka uleule wa 2007, Sydney wakizima taa kwa hiari, Waghana walikuwa gizani kwa lazima. Maji ya bwawa la Akosombo yalikuwa yameshuka, na nchi ilikuwa kwenye mgao ambao sisi hatuhitaji kuelezwa. Serikali yao haikuwaomba watu wazime. Ilinunua balbu milioni 6 za energy saver ikazigawa bure, zichukue nafasi za zile balbu za zamani, zile zenye kijiwaya ndani, za wati 60 na 100, ambazo sehemu kubwa ya umeme wake huishia kwenye joto. Tume ya Nishati ya Ghana ilikadiria kwamba mahitaji ya jioni, saa zile za kilele, yalipungua kwa megawati 124.

Fungueni tena vikokotoo. Tuseme kilele ni saa nne kila jioni. Megawati 124 kwa saa nne ni karibu uniti nusu milioni kwa siku. Mnakumbuka ile saa ya dunia nzima? Uniti milioni 136. Ghana peke yake, kwa balbu tu, inazifikisha kwa miezi tisa. Kisha inaendelea mwaka wa pili, na wa tatu, wala hakuna aliyetakiwa kukumbuka lolote. Mama anabonyeza swichi kama kawaida yake, mtoto anasoma, uokoaji umo ndani ya balbu.

Balbu za bure zina shida yake, najua. Zikiungua, mtu anakwenda dukani kununua ile ya bei rahisi, anarudi kulekule. Ghana waliliona hilo. Mwaka 2008 wakatunga kanuni za kupiga marufuku kuingiza balbu za zamani, pamoja na friji na viyoyozi vya mitumba, na mwaka 2013 wakaanza kulisimamia kwa dhati katazo la friji. Friji za mitumba kutoka Ulaya! Nani hapa hana moja nyumbani? (Kicheko, mikono michache.) Taa unaizima saa moja kwa mwaka, friji kuukuu inavuta umeme usiku na mchana ukiwa umelala.

Nirudi hapa kwetu. Mtanzania wa kawaida hutumia kama uniti 150 za umeme kwa mwaka. Mwaustralia, karibu uniti 10,000. Kampeni iliyotungwa kwa ajili ya Sydney ukiileta Sumbawanga kama ilivyo, unamwambia mtu mwenye balbu mbili na redio azime ambacho hakuwahi kuwasha. Kwetu, familia nyingi bado zinapikia kuni na mkaa. Kama ni ishara tunataka, iwe jikoni.

Na jikoni kuna jambo limeanza. Serikali ilitoa amri kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mwaka 2024 ukazinduliwa mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Utekelezaji unasuasua, tusidanganyane. Mimi nimeingia jikoni mwa shule baada ya amri. Jiko la gesi limesimama kwenye kona, bado na nailoni yake, na mpishi anapuliza kuni chini ya sufuria la maharage, macho mekundu. Nikauliza kulikoni. Mtungi umeisha, na kwenye bajeti hakuna fungu la gesi, fungu lililopo ni la kuni. Mstari mmoja kwenye daftari la mhasibu ndio uliomshinda.

Kwa hiyo klabu, Machi ikifika zimeni taa, sina ugomvi. Pigeni na ngoma. Lakini kabla ya hapo zungukeni chuo hiki na kalamu: viyoyozi vingapi, vya mwaka gani, nani anavizima saa 11 jioni ofisi zikifungwa? Friji za kantini zina umri gani? Jiko linachoma nini, na fungu lake kwenye bajeti limeandikwaje? Chagueni kitu kimoja tu, kiandikeni ukurasa mmoja wenye bei na tarehe ya mwisho, na usiku huo wa Machi, taa zikiwa zimezimwa na kamera zimewashwa, mkabidhi kwa mwenye mamlaka ya kusaini.

Mwenye mamlaka yupo hapa, na naona ameshatoa kalamu. Mwenyekiti, nimemaliza. Maswali yaanze kule nyuma mlangoni, kabla hawajatoroka. (Kicheko, makofi.)