Mshtarii hakuna chini

Assalamu alaykum. Mwenyekiti ameniomba nisiwachoshe, nami nimemuahidi, ingawa tunajuana.

Suala ni lile lile ninaloulizwa kila skuli ninayokwenda, Unguja na Pemba: "Mwalimu, chombo cha anga kinaweza kutua kwenye sayari ya Mshtarii, yaani Jupita?" Hakiwezi. Nikishajibu, mtu husema: "Kwa sababu ya joto, eeh?" Hapo ndipo ninapopandwa na hasira.

Babu yangu alikuwa nahodha wa dau, Wete. Akifika pahala asipopajua hutia bildi: risasi kwenye kamba, anahesabu pima kwa pima. Kamba ikilegea, risasi imegusa. Siku moja, mimi mtoto, tukatoka nje ya mwamba, tukaingia Mkondo wa Pemba. Nikaomba nami nitie bildi. Akanipa, akanyamaza. Nikatoa kamba, nikatoa, mpaka ikanishia mkononi. "Babu, hapa hakuna chini!" Alicheka mpaka akakohoa. "Chini kupo, mjukuu wangu. Kamba ndiyo fupi."

Basi Mshtarii babu angeshindwa. Kule hata upewe kamba ya kutosha, haitolegea. Baharini una mstari: hapa hewa, hapa maji, kisha mchanga. Mshtarii ni haidrojeni na heliamu, na kadiri unavyoshuka gesi inazidi kuwa nzito, kidogo kidogo, mpaka inakuwa kama maji, wala hukuona ilipogeuka. Ukizidi kushuka, haidrojeni inakuwa kama madini yaliyoyeyuka, inapitisha umeme. Utatua juu ya kipi hapo?

Najua kuna kijana kule nyuma ananisubiri na "kiini", kwamba katikati ya sayari hapakosi kitu kigumu cha kutua. Tulia. Chombo cha Juno kilifika Mshtarii 2016, kikaizunguka na kupima mvutano wake, na vipimo vinaonesha kiini kimetawanyika, kimechanganyika na haidrojeni. Si jiwe la kukanyaga. Na kabla hujafika huko umeshayeyuka zamani.

Sasa joto. Tarehe 7 Disemba 1995 Wamarekani walikidondosha humo kichombo cha Galileo. Kiliingia kwa kilomita 47 kwa sekunde. Kutoka Nungwi mpaka ncha ya kusini ya Pemba, sekunde moja na ushei. (Kicheko.) Nyinyi mnacheka kwa sababu mnaijua boti. Ngao yake ikaliwa na moto zaidi ya nusu, parachuti likafunguka, kikatuma khabari kwa dakika 58 hivi. Kiliponyamaza, joto nje lilikuwa kama digrii 150. Tanuri ya mofa inapita hapo! Na mgandamizo ulikuwa mara 22 ya hewa tunayovuta. Wapiga mbizi mliopo mnajua, kila mita 10 za maji zinaongeza mara moja. Kwa hivyo ni kama mita 210 za bahari. Mkondo wetu una kina kuliko hivyo. Galileo hakikufika hata pale ilipoishia kamba ya mtu mwenye kamba ndefu kidogo, na Mshtarii bado ilikuwa haijaanza.

Sayari ya Zuhura je? Digrii mia nne na ushei, mgandamizo mara 90 hivi. Warusi wametua. Chombo chao Venera 7 mwaka 1970, na Venera 13 mwaka 1982 ilidumu zaidi ya saa mbili. Kwa nini? Kwa sababu kuna ardhi. Joto linakuunguza, halikuzuii kutua!

Basi tusitue, tuelee kwa puto, mnasema. Hewa ya kule ni haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote. Utalijaza nini chepesi zaidi? Labda haidrojeni hiyo hiyo uipashe moto. Heliamu itazama.

Mwenyekiti ananionesha saa. Sayari ya Zohali nayo ni vivyo hivyo, haina ardhi. Chombo cha Cassini kiliishia humo 2017. Ila mwezi wake, Titani, una ardhi, na kichombo cha Huygens kilitua huko tarehe 14 Januari 2005. Nilikuja na picha, zina mawe madogo ya mviringo kama ya mtoni. Zitakaa mezani hapa, mtaziangalia mkitoka.

Haya, masuala. Wa joto akae mwisho.