Bi Hawa alikosa, wenzake wakapata: mali za ndoa mbele ya Mahakama ya Rufani

ZUHURA: Haya, karibuni tena. Leo Wakili Mussa amekuja na ile kesi ambayo kila aliyesoma sheria hapa Tanzania lazima ameikariri. Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983.

MUSSA: Wameikariri, ndiyo, ila wengi wameikariri nusu. Mtu atakwambia Mahakama ya Rufani, ile ya juu kabisa nchini, ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika mali za ndoa. Sasa muulize, Bi Hawa mwenyewe aliondoka na nini? Anabaki kukutolea macho.

ZUHURA: Na mimi nakutolea macho. Aliondoka na nini?

MUSSA: Hakuondoka na kitu.

ZUHURA: Acha utani, Wakili!

MUSSA: Kabisa. Ngoja nianzie mwanzo. Walioana 1971 kwa taratibu za Kiislamu. Mume alikuwa baharia, mke mama wa nyumbani. Ndoa ikavunjwa 1980 katika Mahakama ya Mwanzo Ilala. Mke akadai mgao kwenye nyumba. Akaambiwa, wewe ulikuwa mke tu, nyumba kanunua mume kwa pesa zake. Akapanda Mahakama Kuu, jibu likawa lilelile.

ZUHURA: "Mke tu." Hilo neno "tu" ndilo linaniudhi. Baharia yuko majini miezi na miezi, nyumbani kunajiendesha kwenyewe?

MUSSA: Ndilo swali lenyewe. Tatizo lilikuwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114. Kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizochumwa na wanandoa kwa juhudi zao za pamoja. Ukisoma kifungu kidogo cha pili, mahakama inaambiwa iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Sasa hiyo "kazi" ni ipi? Majaji wa Mahakama Kuu wenyewe walikuwa wamegawanyika. Wapo waliosema kupika na kulea ni wajibu wa mke, hakuingii kwenye hesabu ya nyumba. Wengine wakasema kunaingia. Kwa hiyo mgao wako ulitegemea umeangukia mikononi mwa jaji gani.

ZUHURA: Kama bahati nasibu.

MUSSA: Na hapo ndipo unaona kazi ya mahakama ya juu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikuwa bado changa, imeanzishwa 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika na mahakama yake ya rufani kufa nayo. Jaji Mkuu Francis Nyalali akauliza: Bunge lilipotunga sheria hii lilikuwa linatibu ugonjwa gani? Jibu lake: kabla ya 1971 mke aliyeachika alikuwa anatoka mikono mitupu. Ukiifinya tafsiri, unaurudisha ugonjwa uleule. Kwa hiyo juhudi na kazi za mke na mume ndani ya nyumba zinahesabika.

ZUHURA: Kwa hiyo akashinda! Mbona unasema hakupata kitu?

MUSSA: Alishinda hoja, akashindwa rufaa. Ilionekana kwenye ushahidi kwamba mume aliwahi kumpa fedha za kuanzisha mradi wa familia, mke akazitapanya. Mahakama ikasema mgao wake ndio huo, alishauchukua kabla.

ZUHURA: Mimi hapo bado roho inakataa. Mradi wa biashara ukifa ni mgao umeliwa? Wanaume wangapi miradi imewafia?

MUSSA: Unaweza kubishana na hilo, na mimi sikukatazi. Ila tazama kilichotokea baadaye: kanuni ile imebaki. Mpaka leo mama wa nyumbani akisimama kortini, wakili wake ataanzia kwa Bi Hawa.

ZUHURA: Basi wasikilizaji wetu wanauliza, je, ni nusu kwa nusu?

MUSSA: Hapana, na hapa ndipo watu wanaumia. Kifungu kinasema mahakama ielemee kwenye usawa, lakini baada ya kupima hayo mengine, ikiwemo mchango. Jirani zetu Kenya nao walifika hapohapo. Januari 2023 Mahakama ya Juu yao ilisema usawa wa wanandoa ulio kwenye Katiba hauna maana kwamba kila mali inakatwa katikati moja kwa moja. Onyesha mchango kwanza. Ingawa kwenye shauri lile lenyewe, baada ya kupima ushahidi, waliacha nusu kwa nusu.

ZUHURA: Mchango wa kupika ugali miaka kumi na mitano unauonyeshaje? Hakuna risiti.

MUSSA: Mashahidi. Fundi aliyejenga anakuja kusema, "huyu mama ndiye alikuwa anatupikia na kuhesabu saruji, mzee yuko safari." Daftari la kikoba linaloonyesha ulikopa mwezi uleule bati zilipoezekwa. Miamala ya simu. Nimewahi kuona daftari la shule, limelowa mafuta ya taa, kila tripu ya mchanga imeandikwa na tarehe. Lilifanya kazi kuliko maneno yangu yote.

ZUHURA: Na hayo unayapeleka Mahakama ya Rufani?

MUSSA: Hapana, dada yangu! Unayapeleka kule chini, shauri linapoanza. Ukimaliza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ukapewa hati yao kwamba usuluhishi umeshindikana, unafungua shauri, na hapo ndipo pa kumwaga kila ulichonacho. Rufaa kwa kawaida inasoma kumbukumbu za kule chini, haisikilizi mashahidi wapya. Na kama shauri lako lilianzia Mahakama ya Mwanzo, huwezi kufika Rufani mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria. Kulalamika kwamba mgao ni mdogo peke yake hakutoshi.

ZUHURA: Kumbe watu wanaosema "tutakutana Rufani" huku hata shahidi mmoja hawajaleta...

MUSSA: Wanakuja ofisini wakiwa na hukumu mkononi na daftari kabatini.

ZUHURA: Kuna ujumbe hapa, huyu anasema nyumba wamejenga wote ila kiwanja kimeandikwa jina la mama mkwe.

MUSSA: Aaah. Hiyo tuipe kipindi chake. Mama mkwe si mwanandoa, akisema nyumba ni yake lazima naye asikilizwe.

ZUHURA: Basi wiki ijayo tunaanza na mama mkwe. Leta vifungu.

MUSSA: Nitaleta na panadol.