Anachopata Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Ndugu wanachuo na walimu wenzangu,

Nawashukuru kwa kunialika nizungumze nanyi wakati huu mnapokaribia kupangiwa vituo vya kazi. Nimechagua kuzungumzia kile anachokipata mwalimu wa Darasa la Kwanza, kwa sababu najua wengi wenu mnaomba darasa hilo liwapitie mbali. Mimi nilipopelekwa huko mara ya kwanza niliona nimeshushwa hadhi, maana mwalimu mkuu wa wakati huo alinieleza wazi kwamba walimu mahiri wanahitajika kwenye madarasa ya mitihani. Nilikaa na uchungu huo mpaka mwezi wa nne.

Mwezi huo mtoto mmoja, aliyekuwa kimya tangu Januari, aliunganisha silabi mbili. Kiswahili kina fadhila kubwa kwa anayejifunza kusoma, kwani karibu kila silabi huishia kwa irabu na maneno hutamkwa kama yalivyoandikwa. Hata hivyo, mtoto huyo alikuwa akisema "ba", ananyamaza, kisha anasema "ta", kana kwamba sauti hizo hazijuani. Siku hiyo alirudia mara tatu, kila mara akiharakisha kidogo, halafu akainua uso na kusema "bata!" kwa mshangao wa mtu aliyemwona bata mwenyewe akitembea ubaoni. Baadaye nilifundisha madarasa ya juu na wanafunzi wangu wakafaulu vizuri, lakini furaha ya namna ile sikuipata tena huko.

Kuhesabu nako kulinifunza. "Kumi na moja" na "kumi na mbili" hujieleza zenyewe, ilhali ishirini na thelathini, maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, huficha makumi yaliyomo ndani yake, na ndipo inapombidi mwalimu afunge vijiti kumi kumi ili mtoto aone kwa macho kwamba ishirini ni mafungu mawili. Nilipolazimika kumweleza hayo mtoto wa miaka sita, nilitambua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimezitumia namba hizo miaka yote bila kuzifikiri.

Ugumu upo, nami sitauficha. Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza kutumika mwaka 2015 ulitanguliza kusoma, kuandika na kuhesabu, na naamini ulifanya vyema. Lakini elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, watoto walioandikishwa waliongezeka mno, na mwalimu mwenye watoto 90 hawezi kumsikiliza kila mmoja kila siku. Nilichofanya mimi ni kuwaita kumi kwa siku, mmoja mmoja, kando ya meza, kila mmoja akinisomea kwa kidole, hata ndani ya wiki mbili nikawa nimewasikia wote. Yule wa "bata" alikuwa katika zamu hiyo. Kama ningewaachia waimbe silabi kwa pamoja mwaka mzima, sauti yake ingemezwa na za wenzake, nami nisingejua kwamba amekwisha kusoma.

Mchana ule, nikirudi nyumbani, nilimkuta amesimama mbele ya duka moja la njiani, kidole chake kikifuata herufi zilizopakwa rangi ukutani, "du", "ka", huku wenzake wakimwita waondoke.