Karatasi ya Usaili
(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini, Wiki ya Sheria)

Waheshimiwa mahakimu, mawakili wenzangu, nanyi wanafunzi mliokaa huko nyuma, asalaam alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Nilipofanya mtihani wa kidato cha nne niliwekewa karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa, na muda nikaongezewa: dakika 10 kwa kila saa, Hisabati dakika 20. Hakuna aliyesema nimependelewa. Nina ualbino, macho yangu yana uoni hafifu. Kusoma kunanichukua muda, kufikiri hakunichukui.

Miaka ikapita, nikahitimu sheria, nikaitwa kwenye usaili wa mchujo wa kazi ya umma. Aina ya ulemavu wangu nilikuwa nimeshaijaza kwenye maombi, kama tangazo lilivyotaka. Nikapanda basi hapa Mtwara alfajiri, nikafika usiku. Kesho yake nikapewa karatasi ileile ya wote, herufi kama sisimizi, na kiti kando ya dirisha linalopiga jua. Nikaiinua karatasi hadi puani. Msimamizi akanijia: "Dada, weka karatasi mezani, unawaonyesha wenzako." Maswali yalikuwa 40. Muda ulipokwisha nilikuwa nimefika la 17. Yale 23 sikuyakosa, sikuyafikia.

Sheria tunazo, jamani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tuliuridhia 2009. Lakini ile asilimia 3 huhesabu walioingia. Mimi wa swali la 17 sionekani popote. Kwenye orodha nimeandikwa sikufaulu, basi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wote wanaoajiri kwa ajili ya Mahakama, awe karani, mtunza kumbukumbu au hakimu, ni dogo. Mkishamuuliza mwombaji ana ulemavu gani, mwulizeni pia atahitaji nini siku ya usaili. Nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole? Maandishi makubwa? Mkalimani wa lugha ya alama? Chumba cha chini, kwa mwenye kiti mwendo? Na ajibiwe kabla hajakata tiketi ya basi.

Wapo wanaoniuliza, tena kwa nia njema kabisa: hakimu asiyeona atamjuaje shahidi anayedanganya? Zak Yacoob, asiyeona tangu utotoni, alikuwa jaji wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini kuanzia 1998 hadi 2013. Mtasema ile si mahakama ya kusikiliza mashahidi kila siku. Sawa. Basi tazameni rufaa zetu wenyewe: jaji wa rufaa kwa kawaida hamuoni shahidi, anasoma mwenendo wa shauri, yaani maandishi ya yaliyosemwa mahakamani, na bado anabaini ushahidi unaojipinga. Nimekaa mahakamani miaka mingi sasa. Uongo niliouona ukianguka ulianguka kwenye maneno, kwenye tarehe zisizolingana. Jasho la shahidi, kwa joto hili letu la Mtwara, halithibitishi kitu.

Kuna kijana asiyeona kutoka Newala anayemaliza shahada ya sheria. Juzi alinipigia kuuliza kama ajisumbue kuomba. Nimemwambia aombe, na barua ya kuomba karatasi ya nukta nundu tumeshaiandika pamoja.

Mkalimani wa lugha ya alama yupo hapa mbele. Wanaomfuata yeye waanze kuuliza maswali.