Kabla ya Lile Jicho

Nianze na ugomvi wangu wa siku zote. Nikitaja tu usurealisti, ile sanaa inayofuata mantiki ya ndoto, katika sinema ya Ufaransa, mtu ananikatiza: jicho linalokatwa kwa wembe! Filamu ya *Un Chien andalou*, ya Buñuel na Dalí, 1929. Sawa, tumesikia. Jicho lilikuwa la ndama, na fedha alitoa mama yake Buñuel. Tuendelee?

Tarehe 9 Februari 1928, zaidi ya mwaka mzima kabla ya jicho hilo, na katika ukumbi uleule wa Studio des Ursulines, Paris, ilionyeshwa *La Coquille et le Clergyman*. Mswada wa Antonin Artaud, mwongozaji Germaine Dulac. Kasisi anachota kimiminika kwa kombe kubwa la chaza, anajaza chupa, anaiangusha, inavunjika. Anachukua nyingine. Anaingia afisa mwenye upanga, analivunja kombe. Mara kasisi anatambaa kwa mikono na magoti katika mitaa ya Paris. Mara uso wa afisa unapasuka katikati kwa hila ya kamera. Maana yake nini? Wakaguzi wa filamu wa Uingereza nao walijiuliza, wakaandika kwamba ni fumbo tupu, karibu haina maana, na kama maana ipo, basi bila shaka ni mbaya. Wakaipiga marufuku! Hawakuelewa, wakakataza kwa tahadhari.

Paris kwenyewe usiku ule ukumbi ulichafuka, Dulac akatukanwa hadharani. Na mpaka leo kuna anayeninong'oneza, “Lakini Mwalimu, huyo mama hakuwa wa kundi la Breton.” Yaani kundi la wasurealisti lililoongozwa na André Breton. Kweli, hakuwa. Na Artaud je? Walikwisha kumfukuza mwishoni mwa 1926. Buñuel? Alipokuwa akilikata jicho lake, alikuwa hajajiunga bado. Kwa kipimo hicho filamu zote mbili zinaanguka, tufunge mlango twende nyumbani. Lakini anayedaiwa kadi ya uanachama ni mwanamke peke yake, wala msiniambie ni bahati mbaya.

Naona mwenyekiti ananyoosha kidole kwenye saa. *Entr'acte* ya René Clair, 1924, jeneza linavutwa na ngamia: itazameni wenyewe. *L'Âge d'or*, 1930, wakorofi walirusha wino kwenye skrini pale Studio 28, polisi wakaizuia: hiyo inataka siku yake.

Kijana wa projekta, weka ya Dulac. Ni filamu bubu, kwa hiyo zimeni simu. Humu atasikika hata anayetafuna karanga.