Apple Imelala, au Ubunifu Umehamia Tumboni mwa Simu?

Nakala ya kipindi. Watangazaji: Zaituni na Okot, Kampala

ZAITUNI: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mvua inanyesha Kampala tangu alfajiri, kwa hiyo mkisikia ngoma, ni mabati. Mimi Zaituni.

OKOT: Na mimi Okot. Leo tuna kesi.

ZAITUNI: Kesi ya Apple, na mwendesha mashtaka ni mimi. Tangu iPhone X ya 2017 simu ni ileile. Kila Septemba kamera imesogezwa kidogo, rangi mpya, bei haishuki. Samsung iliuza simu ya kukunja mwaka 2019. Mpaka 2025 inaisha Apple ilikuwa haijauza hata moja. Haya, mtetee mteja wako.

OKOT: Hajanilipa, dada. Ila mashtaka yako yanatazama uso wa simu tu, na Apple haijawahi kusifika kwa kuwahi. Chukua alama ya kidole. Ukiuliza watu watakwambia ni iPhone 5s ya 2013. Motorola Atrix ilikuwa nayo mwaka 2011, na kihisi chake kilitoka kampuni iitwayo AuthenTec. Mwaka 2012 Apple ikainunua AuthenTec yenyewe. Mwaka uliofuata ikatoka Touch ID.

ZAITUNI: Kwa hiyo ni ubunifu wa kununua.

OKOT: Kununua, kisha kukaa nacho. Kwenye Atrix ulipitisha kidole kama unayefuta vumbi, ukikosea mwendo unarudia. Kwenye 5s ulikiweka tu. Watu wakaacha kuandika namba za siri, basi. Mtindo ni huohuo kila mara: FingerWorks, watu wa kugusa kwa vidole vingi, walinunuliwa 2005, iPhone ikatangazwa Januari 2007. P.A. Semi, watu wa chipu, 2008. Chipu ya A4 ikatoka 2010 ndani ya iPad ya kwanza. PrimeSense walinunuliwa 2013, na Face ID ikaja 2017, ile inayorusha nukta zaidi ya 30,000 za mwanga usioonekana usoni mwako.

ZAITUNI: Na baada ya hapo?

OKOT: Modemu, kile kipande kinachounganisha simu na mtandao. Mwaka 2019 walinunua biashara ya modemu za simu kutoka Intel kwa dola bilioni 1. Modemu yao ya kwanza, C1, ilionekana Februari 2025 ndani ya iPhone 16e. Miaka karibu sita kwa kipande ambacho mnunuzi hatakiona wala kukigusa.

ZAITUNI: Na ambacho hakimhusu mtu wa soko la Kikuubo hapa mjini.

OKOT: Kinamhusu! Modemu ni mlaji mkubwa wa chaji, hasa mtandao unapokuwa hafifu. Simu ikiwa mbali na mnara inapaza sauti, na kupaza sauti ni umeme. Safari ya basi mpaka Gulu inamaliza betri hata kama hukuitoa simu mfukoni. Kampuni inayotengeneza chipu na modemu pamoja inaweza kubana hapo.

ZAITUNI: Sawa, hapo nakupa. Na kwenye chipu nakubali kabisa, tusipoteze muda. Chipu ya A7 ya 2013 ilikuwa ya biti 64, yaani inachakata data kwa mafungu makubwa zaidi; mkubwa mmoja wa Qualcomm, watengenezaji wengine wa chipu, akaiita hila ya kuuzia, kisha kampuni yake ikamruka. Baadaye wote wakafuata.

OKOT: Na matunda yake ni umri wa simu. iPhone 11 ni ya 2019. Septemba 2025 ilipokea iOS 26, mfumo uleule wa simu mpya. Kwa mji kama wetu, ambako simu inaanza maisha Marekani, inapita Dubai, ndipo inafika kaunta ya jengo la maduka la Mutaasa Kafeero, miaka hiyo ndiyo bidhaa yenyewe. Simu isiyopata masasisho, siku moja programu ya benki inagoma kufunguka. Kioo ni kizima, betri nzima, lakini simu imekufa.

ZAITUNI: Niambie basi kuhusu iPad, maana huko ndiko wanakonichosha. Mei 2024 walitoa iPad Pro yenye chipu ya M4 kabla hata kompyuta zao hazijaipata. Ile ya inchi 13 ina unene wa milimita 5.1. Chuma cha ajabu. Halafu ukitaka kufungua madirisha matatu na kuyapanga utakavyo, unapigana nayo.

OKOT: Hilo wamelirekebisha kwa iPadOS 26, mfumo wa iPad.

ZAITUNI: Mwaka 2025! iPad imezaliwa 2010. Injini ya lori wameifunga kwenye baiskeli, kisha miaka kumi na mitano ndipo wanakumbuka kuongeza kiti cha mizigo.

OKOT: Sina jibu.

ZAITUNI: Na sijamaliza. Skrini: iPhone za kawaida zilibaki zikijichora mara 60 kwa sekunde mpaka iPhone 17 ya Septemba 2025. Simu za bei ya chini za Infinix na Tecno zilikwishafika 120 zamani. Betri: iPhone 16 ina mAh 3,561, hicho ni kipimo cha chaji inayobebwa, wakati Tecno ya kawaida ina 5,000, na chaja unaikuta ndani ya boksi. Apple waliiondoa chaja mwaka 2020.

OKOT: Hapo kwenye mAh ongeza kuwa iOS hutumia kidogo. Namba peke yake...

ZAITUNI: Najua, najua. Lakini umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, 5,000 ni 5,000. Halafu tundu la kuchajia la USB-C. Walilileta 2023 kwenye iPhone 15 kwa sababu sheria ya Umoja wa Ulaya iliwabana. Na kwenye simu zisizo za Pro, yale matoleo ya bei ya juu, ndani ya tundu jipya wakaacha kasi ya zamani, megabiti 480 kwa sekunde. Mpiga video wa harusi fanya hesabu: gigabaiti 64 za picha, kwa mwendo halisi wa kama megabaiti 40 kwa sekunde, ni sekunde 1,600. Karibu nusu saa umekaa unatazama waya. Ya Pro inafika gigabiti 10, lakini lazima uwe na waya wake. Waya unaokuja kwenye boksi, hata la Pro, ni wa chaji na wa kasi ileile ndogo.

OKOT: Wengi wanakwama hapo. Wananunua Pro, wanatumia waya wa boksini, wanasema simu ni mbovu.

ZAITUNI: Mradi wao wa gari waliufuta Februari 2024. Vision Pro, ile miwani ya dola 3,499, tuiache, hakuna anayeitafuta hapa. Siri mpya, yule msaidizi wa kuzungumza naye kwenye simu, waliyoitangaza 2024, Machi 2025 wakasema itachelewa. Na hata ingekuja kwa wakati, haizungumzi Kiswahili wala Luganda.

OKOT: Hapo ndipo mimi mwenyewe ninageuka kuwa shahidi wako. Mengi wanayoyaita mapya yanaishia mpakani. Kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, tangu iPhone 14: Uganda haimo. Apple Pay, kulipa kwa simu: haimo. Duka lao rasmi hakuna Afrika nzima. Unalipia vitu ambavyo hapa havitawaka.

ZAITUNI: Na kimoja kinachowaka na kutuumiza. eSIM, laini iliyo ndani ya simu yenyewe bila kadi.

OKOT: Eleza, maana wauzaji hawaelezi.

ZAITUNI: iPhone zinazotengenezewa soko la Marekani, kuanzia 14, hazina tundu la kadi ya laini. iPhone Air ya 2025 haina popote duniani. Na iPhone 17 ya Dubai nayo haina. Kwa hiyo ule uzoefu wa kusema "hii ya Dubai, ina tundu" umekwisha kwenye 17. Muulize muuzaji, kisha tazama ubavu wa simu kwa macho yako.

OKOT: Kwani eSIM ina ubaya gani? Unaweka MTN na Airtel zote mbili, zinafanya kazi kwa pamoja tangu iPhone 13.

ZAITUNI: Ubaya unakuja siku simu inapokufa. Laini yetu ndiyo pochi yetu. Simu yenye kadi ikizimika, unachomoa kadi, unaichomeka kwenye katochi, ile simu ndogo ya vitufe, unapiga *165# ya MTN au *185# ya Airtel, pesa yako iko palepale, unalipa boda unaenda. Ya eSIM ikizimika, laini imezimika nayo. Unakwenda kwenye ofisi ya mtandao na kitambulisho chako cha taifa, unapanga foleni. Ikiwa ni Jumamosi usiku, lala njaa.

OKOT: Dawa yake?

ZAITUNI: Kama simu ina tundu, laini yenye pesa nyingi iweke kwenye kadi, ya data iwe eSIM. Kama haina, basi usiweke pesa zote kwenye laini zilizo ndani ya simu hiyo.

OKOT: Mimi nilete kitu kimoja ambacho nakiona ni ubunifu wa kweli, na hakuna aliyekipigia makofi. Gundi.

ZAITUNI: Gundi!

OKOT: Gundi ya betri ya iPhone 16. Zamani betri ilishikwa na tepe nyembamba zenye mkia. Fundi anakamata mkia, anavuta polepole, kwa pembe ya chini, karibu sambamba na betri. Akivuta kwa kuinua, tepe inajisugua kwenye ukingo inakatika. Ikikatika, kazi imeharibika: unapasha joto, unadondosha spiriti iingie chini, unangoja, unachokonoa kwa kadi ya plastiki. Fundi asiye na subira anachukua bisibisi. Ncha ikitoboa betri, tabaka mbili za ndani zinagusana, zinachemka, moshi, kisha moto. Ndiyo maana fundi makini ana ndoo ya mchanga miguuni, na haanzi kazi mpaka chaji imeshuka chini ya asilimia 25.

ZAITUNI: Na hii mpya?

OKOT: Inaachia kwa umeme. Unazima simu, unatoa zile skrubu mbili za chini zenye pembe tano, unafungua, unakata kwanza kiunganishi cha betri. Kisha unachukua betri ya volti 9, ile ya mraba inayouzwa dukani, na nyaya mbili zenye vibanio. Waya wa chanya kwenye kile kiulimi cha chuma cha betri ya simu, wa hasi kwenye chuma cha fremu. Unangoja kama dakika moja na nusu. Betri inainuka kwa vidole. Ukikosea ukageuza chanya na hasi, gundi huachia upande wa pili, unabaki kuikwangua.

ZAITUNI: Pro pia?

OKOT: Hapana, 16 na 16 Plus. Usiende na betri ya volti 9 kwenye 13, utachekwa. Lakini ona jambo lenyewe: fundi wa Wandegeya hana mashine za Apple, ila betri ya volti 9 hakosi. Huo ubunifu umevuka mpaka bila viza.

ZAITUNI: Wakakupa gundi, wakakunyima vipuri. Mwaka 2021 ukibadilisha kioo cha iPhone 13, Face ID ilikufa, kwa sababu tu ya chipu ndogo kwenye kioo kipya ambayo simu haikuitambua. Kelele zikapigwa, wakarekebisha kwa iOS 15.2.

OKOT: Na kuanzia iOS 18 simu yenyewe inaweza kusajili kipuri halisi, hata kilichotoka simu nyingine. Isipokuwa kikitoka simu ambayo mwenyewe ameifunga kwa akaunti yake. Hicho inakikataa. Wezi wa vipuri hawakufurahi.

ZAITUNI: Basi tumalizie kwenye kaunta. Mtu ameshika iPhone ya mtumba, afanye nini?

OKOT: Menyu zitakuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nataja zilivyo. "Settings", "General", "About". Hapo utaona historia ya vipuri kama kuna kilichobadilishwa: betri kuanzia XR na XS, kioo kuanzia 11, kamera kuanzia 12. "Unknown Part" maana yake bei ishuke. Piga *#06#, linganisha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ile ya kwenye "About". Kisha afya ya betri. Apple inasema betri imeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya chaji kwa 14 kurudi nyuma, na 1,000 kuanzia 15. Kwenye 15 na kuendelea simu inaonyesha na idadi ya mizunguko. Betri ya simu ya miaka minne inayosoma asilimia 100, uliza iliwekwa lini na nani.

ZAITUNI: Na akaunti.

OKOT: Muuzaji atoke kwenye akaunti yake na aifute simu mbele yako, uiwashe upya mpaka ufike ukurasa wa kwanza kabisa. Akisema "nitakupa neno la siri baadaye", rudisha pesa mfukoni.

ZAITUNI: Ile herufi ya kwanza ya "Model Number" kwenye "About"?

OKOT: M ni simu iliyouzwa mpya. F imekarabatiwa na kuuzwa tena. N ilitolewa na Apple badala ya iliyoharibika. Na LL mwishoni ni ya Marekani, kwa hiyo kuanzia 14, kumbuka habari ya tundu.

ZAITUNI: Kuna P pia, naiona kwenye iPad.

OKOT: P ni iliyochongwa maandishi kiwandani. Geuza mgongo usome. Mara nyingi ni jina la mwenyewe, na utajua kama ndiye anayekuuzia.